Mbavu za Mbwa Kule Beltsville

Tulimzika Kasongo Jumamosi iliyopita pale Laurel, huku Maryland, Marekani, katika manyunyu ya aina ile isiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Baada ya maziko tukaingia ukumbi wa kanisa, tukapewa wali na sombe, kisamvu cha Wakongo, na kila mtu akawa na kisa chake cha Kasongo: alivyoazima gari la mtu akalirudisha safi kuliko alivyolichukua, alivyokuwa akiimba sauti ya pili hata pale ambapo hakuna anayeimba ya kwanza. Mimi nilijikalia pembeni na sahani yangu, nasikiliza, ndipo mwanamke mmoja mwenye watoto wawili akanijia, akaniangalia vizuri usoni, akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ndiye yule anko wa nyumba ya matope. Nikamjibu kwa Kiswahili: ndiye. Akapiga makofi kwa furaha, akawaambia wanawe kwamba alipokuwa na miaka saba, huyu mzee na marehemu walimwacha akanyage tope kwa miguu mitupu kutwa nzima, na mama yake hakusema neno. Watoto wakanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwa mtoto wangu mwenyewe. Nikacheka msibani, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka wali ukanipalia. Mwaka ule wenyewe nilidhani sitaucheka kamwe.

Ilikuwa 2004. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi seremala mwenye vyeti vya Tanga ambavyo huku havikumshtua mtu, napaka rangi kuta za watu na kulala Adelphi katika fleti ya vyumba viwili tuliyokaa wanaume wanne. Kitanda cha pili chumbani mwangu kilikuwa cha Kasongo, Mkongo wa Lubumbashi, mfagiaji wa ofisi, mtu mwenye moyo mpana na miguu inayonuka. Yeye ndiye aliyeliona tangazo, limebandikwa kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, kati ya picha ya mchungaji na bei ya mihogo. Lilikuwa kwa Kiswahili, mwandiko wa kalamu, herufi zimesimama wima kama wanafunzi paredi: *Natafuta fundi mwadilifu, ajuaye Kiswahili, wa kukaa nami na kuitengeneza nyumba yangu. Chumba na chakula ni bure. Mazungumzo ni ya lazima.* Kasongo akaja nalo nyumbani, maana alilibandua kabisa asije mwingine akaliona. "Huyu mutu ni padri ao ni mwalimu," akasema. "Hapana mutu mwingine anaandika vile."

Alikuwa mwalimu. Bibi Lorraine, Mmarekani mweusi, mwenye miaka sabini na minane wakati ule, mrefu, mwembamba, nywele nyeupe kazikata chini kama za mwanafunzi. Kiswahili alijifunza ukubwani, akakifundisha miaka mingi Jumamosi kwa Jumamosi kwa wenzake waliotaka kukijua, na mwenyewe hajawahi kukanyaga Afrika. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Mimi nikisema "poa", yeye anasema "nimeamka salama, nashukuru." Nilipompa shikamoo yangu ya kwanza pale mlangoni, alifumba macho kidogo kabla ya kujibu marahaba, kama mtu aliyeonja kitu alichokuwa akikisoma tu vitabuni. Lakini sikumtazama sana siku ile, maana nilikuwa naitazama nyumba. Ilikuwa ng'ambo ya mashamba ya utafiti ya serikali, pale Beltsville, mwisho wa njia ya kokoto, peke yake katikati ya miti. Nguzo nyeusi wima, boriti nyeusi za kulala, nyingine zimekaa mshazari, na katikati ya miti hiyo ukuta mweupe uliobonyea bonyea. Ghorofa ya juu imejitokeza mbele kuipita ya chini, kama mtu anayechungulia kisima. Hakukuwa na mstari mmoja ulionyooka. Nikamgusa Kasongo kwa kiwiko. "Mwenzangu," nikamnong'oneza, "mbavu za mbwa hizi!"

Kwa asiyejua: kwetu Muheza, nyumba ya miti na udongo ambayo mwenyewe hakupata uwezo wa kuisiriba vizuri, miti ikabaki inaonekana nje, tunaiita mbavu za mbwa. Si sifa. Nimezaliwa ndani yake, nimekulia ndani yake, na mama yangu mpaka mwaka ule alikuwa bado anakaa ndani yake, akikataa katakata maneno yangu ya kuibomoa na kumjengea ya matofali. Kila nikipiga simu ni ugomvi ule ule. Na mimi niliyevuka bahari kuikimbia nyumba ya udongo, nimeletwa na Mkongo mpaka mlangoni pa nyingine, tena ya ghorofa. Bibi alitukaribisha jikoni, akatupa mkate wa mahindi na maharage yaliyopikwa na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, ambayo mimi niliiweka kando kwa adabu, yeye akaiona kwa adabu, na toka siku hiyo sikuiona tena mezani pake. Ndipo akaniuliza, macho yanang'aa: "Je, Saidi, kwenu watu hujenga nyumba zao kwa namna gani?" Nami, kwa aibu ya kijinga ambayo mpaka leo inaniwasha masikio, nikajibu, "Matofali, Bibi. Matofali na bati." Kasongo akanitupia jicho. Bibi akasema, "Ahaa," akageukia birika, na nikaona kwamba kuna jambo alitaka kulisema akaliacha. Laiti ningelimjibu kweli siku ile, haya mengine yasingelitokea.

Nikahamia wiki hiyo hiyo. Chumba changu kilikuwa juu kabisa, chini ya mapaa, na sakafu yake imeinama kiasi kwamba ukidondosha chungwa kitandani unalikuta mlangoni. Asubuhi tulikunywa chai jikoni, mezani kwenye dirisha la vioo vidogo vidogo vilivyoshikwa kwa madini ya risasi, na pale ndipo Bibi aliponipa historia ya nyumba, kidogo kidogo, kila siku sehemu yake. Ilijengwa Uingereza, zamani mno, enzi ambazo hata misumari ilikuwa anasa. Miti yake ni mwaloni. Mafundi waliichonga ikiwa mibichi, wakailaza chini uwanjani nyumba nzima, ukuta kwa ukuta, wakaijaribisha, wakatia alama kila kiungo kwa patasi, kisha wakaifungua na kuisimamisha mahali pake. Kwa sababu ya alama zile, tajiri mmoja wa hapa alipoinunua karibu miaka sitini kabla sijazaliwa, iliwezekana kuivunja mti kwa mti, kuipakia melini na kuisimamisha tena Maryland. Alinipandisha darini kunionyesha, mimi nikimshika kiuno kwenye ngazi. Kweli bwana, kila penye ulimi na tundu pana mikato ya patasi, mmoja, miwili, mitatu, na mshazari kwa tano, mti huu unamjua mwenzake ule. Hapana msumari hata mmoja, ni vigingi vya mti tupu. Kwenye mtambaapanya, ule mti unaolala juu ya ukuta kubeba makombamoyo ya paa, fundi mmoja alikosea kuhesabu, akaukwangua mkato wake na kuchonga mwingine pembeni. Niliupapasa mkato ule wa makosa. Karne kadhaa zimepita, na mimi seremala wa Muheza nikamwonea huruma mwenzangu kwa aibu aliyoipata siku ile mbele ya bosi wake. Nilianza kuipenda nyumba pale, kwenye miti. Udongo bado niliuona fedheha.

Na nyumba ilikuwa hatarini. Hilo nililijua mapema, maana Bibi hakuwa mtu wa kuficha. Watu wa barabara walitaka kupitisha njia mpya, pana, moja kwa moja, na katika ramani yao mstari ulipita jikoni kwetu. Kulikuwa na kinga moja tu: mtaalamu wa nyumba za kale aje, aikague, aandike kwamba nyumba ni ya kweli, ni nzima, na haikuharibiwa na matengenezo ya kileo. Akiandika hivyo, barabara italazimika kupinda. Asipoandika, tingatinga litakuja na Bibi atapelekwa kukaa na wazee wenzake mahali penye zulia na televisheni. Mtaalamu angekuja kabla majani hayajaanguka. Kazi yangu, ndiyo maana alitaka fundi, ilikuwa kuziba paa, kunyoosha milango, kukaza vigingi, ili siku hiyo nyumba isimame kwa heshima. "Nimezaliwa katika chumba cha nyuma ya jiko," aliniambia. "Mama yangu alikuwa mpishi hapa. Binti wa tajiri hakupata mtoto, nami nilimwuguza, akaniachia nyumba. Nami nataka kufia hapa hapa, Saidi. Si pengine." Alisema kama anavyoagiza sukari.

Mwezi wa saba akateleza bafuni akavunjika nyonga. Walimweka hospitali, kisha mahali pa mazoezi, jumla karibu wiki tano. Nilikwenda kila jioni, nikamkuta anawafundisha manesi kusema asante. Nyumbani nilibaki peke yangu na ukuta wa jikoni. Ukuta ule wa magharibi ndio ulionitesa moyo: chokaa ilikuwa inabanduka, udongo unamwagika, vumbi linaingia kwenye sukari, na katika sehemu moja fito zilikuwa zimeonekana kabisa, kama kwetu msimu wa njaa. Nikafikiri, bibi wa watu anarudi na gongo la kutembelea, mifupa imekwisha, akae ale vumbi? Na mtaalamu aje aone mbavu za mbwa? Ndugu msomaji, nilifanya kile ambacho kwetu ni heshima kubwa kuliko zote kumfanyia mzazi. Nilikwenda kununua simenti.

Tulifanya kazi siku nne, mimi na Kasongo. Tuliondoa kabati, tukapiga lipu ukuta mzima kati ya nguzo na nguzo, ndani na nje. Nyuma ya kabati, kimo cha kiuno, palikuwa na kishimo kimebonyea, sikuinama kukitazama vizuri, nikadhani ni kazi ya panya au unyevu, nikakijaza vizuri, nikakishindilia kwa mwiko. Tukapaka rangi nyeupe ya kung'aa. Ukuta ulinyooka kwa mara ya kwanza tangu meli ishushe miti. Kasongo akasimama mbali, mikono kiunoni. "Sasa hii njo nyumba," akasema. "Maman atalia." Hapo hakukosea. Alikosea sababu tu.

Bibi alirudi siku ya Ijumaa na gongo lake la miguu minne. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na samaki. Nikamwingiza jikoni nikiwa nimemfunika macho kwa mkono, upumbavu gani ule, nikamfunua, nikasema, "Haya Bibi, tazama!" Akatazama. Akasogea mpaka ukutani, akaweka kiganja pale pale kabati lilipokuwa, akapapasa, akapapasa tena, chini kidogo, kushoto kidogo. Kisha akakaa kwenye kiti bila kuangalia kama kiti kipo, Kasongo akawahi kukisukuma. "Saidi," akasema, "mkono wa baba yangu uko wapi?"

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa lile aliloliacha siku ya kwanza. Melini ilikuja miti tu, udongo haukusafirishwa. Udongo wa kuta ulikandikwa hapa hapa na vijana weusi wa Maryland waliochukuliwa vibarua, na baba yake, Amos, akiwa mmoja wao. Alikuja fundi Mwingereza kuwafundisha, lakini Amos alizoea kusimulia kwamba yule Mzungu alipoanza kuonyesha, yeye miguu yake ilikuwa tayari imo udongoni, maana babu yake alikandika mabomba ya moshi ya miti na udongo tangu enzi za utumwa. Walipomaliza ukuta wa mwisho, Amos alibonyeza kiganja chake kwenye udongo mbichi, chini ambapo tajiri hatatazama. Akabaki kuwa mtunza bustani, akaoa mpishi, akampata Lorraine. Na Lorraine alipokuwa mdogo, baba yake alimshika mkono akauingiza ndani ya ule mkono wa ukutani, kila siku ya kuzaliwa, waone umekua kiasi gani. Picha yake hakuiacha hata moja. Aliacha kiganja. "Nilitaka kukuambia," Bibi akasema, "lakini ulisema kwenu ni matofali. Nikaona hutaelewa." Halafu akaongeza, si kwa hasira, na heri angelifoka: "Tena saruji haipumui. Maji yatabaki ndani, mwaloni utaoza. Mtaalamu atauona ukuta huu kabla hajavua kofia." Wali ulipoa. Hakuna aliyekula.

Nilipanda chumbani nikalia kama mtoto, nasema kweli. Asubuhi nikashuka, nikamkuta mezani kwenye chai yake, nikapiga goti. Nikamwambia: "Bibi, nilikudanganya. Nimezaliwa kwenye nyumba kama hii. Nilipokuwa na miaka sita nilikuwa nakanyaga udongo. Niliona haya." "Nyumba kama hii," akarudia. Nikamwambia zaidi ya kama hii; nguzo zile zile, fito zile zile, mtambaapanya ule ule, ila haina ghorofa na sisi hatuihesabii karne. Na hapo, sijui niseme nini, yule mwanamke akaanza kucheka. Akacheka akishika nyonga yake yenye vyuma. "Miaka arobaini," akasema, "nimefundisha Kiswahili jikoni humu, na hakuna aliyeniambia niko ndani ya nyumba ya Kiswahili."

Nikakwangua kadi ya simu, nikampigia mama. Nikamweleza. "Wazungu," akasema, "wanakaa nyumba ya udongo? Na serikali yao inaizuia isibomolewe?" Nikasema ndiyo. "Na wewe, Saidi wee, ukaenda kuipiga simenti?" Nikasema ndiyo. Ewe, alicheka! Aliita majirani, nikasikia anawasimulia, nikasikia wanacheka, dakika za kadi yangu zinakwisha kwa kicheko. Kisha akawa fundi. Toa simenti yote, usiache hata ukucha. Chimba udongo wa kichuguu. Nikamwambia huku hakuna vichuguu. "Basi nchi gani hiyo? Tafuta wa mfinyanzi, penye maji." Majani makavu, yakatwe mafupi. Mavi ya ng'ombe mabichi, usione kinyaa, ndiyo gundi. Ulale siku mbili. Kukandika mmoja ndani, mmoja nje, mpige pamoja, udongo ukutane katikati ya fito ushikane. Mmoja akichelewa, ukuta unakuwa na moyo wa hewa. "Na usikandike peke yako. Ukuta haukandikwi na watu wawili. Pika, ita watu." Kabla hatujakatwa akauliza, "Na hii yangu, bado unataka kuibomoa?" Sikuligusa tena jambo hilo mpaka alipofariki, ndani ya nyumba yake, baada ya miaka mingi.

Kuitoa simenti kulituchukua karibu wiki tatu, jioni kwa jioni baada ya kazi, mimi na Kasongo, kwa tindo na nyundo ndogo. Bibi alikaa nyuma yetu akimenya viazi, akitusahihisha ngeli za nomino. Udongo wa zamani ulikuwa umeshikamana na lipu yetu, ukawa unatoka nayo mabonge kwa mabonge, na kila bonge likianguka nilihisi nimempiga mtu kofi. Sehemu ya kabati tuliiacha mwisho. Mimi sikuthubutu. Nikampa Kasongo tindo, nikatoka nje nikasimama penye ndoo. Nikasikia anagonga, polepole, polepole, akanyamaza. Kisha akaniita, sauti ya chini. "Saidi. Kuya uone. Iko mukono."

Bamba zima la simenti lilikuwa limebanduka kwa pamoja, kiasi cha sinia. Ukutani hapakubaki kitu, udongo ulikuwa umemomonyoka. Lakini Kasongo alikuwa amelipindua bamba, na mgongoni mwake, kati ya vumbi la chokaa, palikuwa na mkono. Si alama ya mkono: mkono wenyewe, umejitokeza, vidole vitano, mistari ya kiganja, kidole cha shahada kimepinda kidogo kwenye kifundo. Ile simenti niliyoishindilia kwenye kishimo kwa mwiko wangu wa kijinga ilikuwa imeingia katika kila kona aliyoiacha Amos, ikaganda. Kasongo alivua kofia. Tukampelekea Bibi, tukaliweka mapajani pake juu ya aproni. Alilifuta vumbi kwa kidole gumba, akaangalia kile kidole kilichopinda. "Alikatwa na shoka," akasema, "kabla ya mimi kuzaliwa." Miaka yote alikuwa ameingiza mkono wake ndani ya nafasi ya baba yake. Sasa akaweka kiganja juu ya kiganja, akavifunga vidole vyake juu ya vile vya simenti. "Shikamoo, baba," akasema. Mimi na Kasongo tulitoka nje, kila mtu na upande wake.

Mavi ya ng'ombe tuliyapata kwa serikali. Kasongo alikuwa akifagia ofisi za yale mashamba ya utafiti, akamwomba msimamizi mmoja wa zizi, jamaa mwenye mabuti makubwa, ndoo kumi za mavi mabichi. Akaulizwa ya nini. Akajibu ya kujengea nyumba. Jamaa alicheka mpaka akashika uzio, kisha akatujazia ndoo mwenyewe. Udongo Bibi alituonyesha: kidimbwi cha nyuma ya miti, ambacho nilidhani ni cha bata, kumbe ndilo shimo alilochimba Amos. Na Jumapili moja ya mwezi wa tisa, baada ya ibada kwa wenye ibada, wakaja: majirani wa Adelphi, Watanzania, Wakenya, Wakongo, na wanafunzi wa zamani wa Bibi, wazee wenye kanzu za rangi ambao neno ujima walilijua kwa kuliwashia mshumaa kila Desemba katika sikukuu ya Wamarekani weusi, na sasa wanalikanyaga. Mimi nilipika pilau kwa sufuria ya kuazima, Wakenya wakaleta chapati, mke wa mchungaji wa Kasongo akaleta sombe. Kijana mmoja wa Nairobi alizunguka nyumba nzima, akarudi akikuna kichwa. "Buda, hii keja ni ya matope aje? Na ni ya wazungu?" Akakabidhiwa jembe. Watoto walioambiwa kwa Kiswahili wasiingie topeni walijibu kwa Kiingereza kwamba hawajaelewa, wakaingia.

Kasongo alikaa nje, mimi ndani, tukapiga pamoja kwa wimbo wake, na kwa mara ya kwanza sauti yake ya pili ilipata ya kwanza. Ukuta ulipanda mpaka ukagusa boriti. Penye kabati tuliulainisha kwa maji. Bibi akaja na gongo, mtu mmoja kila upande, nami nimebeba lile bamba. Tukaligeuza, mkono ukaelekea ukutani. Akaweka mikono yake miwili juu ya mgongo wa simenti, nami yangu juu ya yake, akasukuma kwa uzito wote aliobakiwa nao. Tukahesabu mpaka kumi. Tulipolitoa, mkono wa Amos ulikuwa ukutani, mbichi, unang'aa maji, na kidole chake kilichopinda. Bibi akaingiza mkono wake ndani. Watu wakapiga vigelegele mpaka vioo vya risasi vikatetemeka.

Mtaalamu alikuja mwezi wa kumi, mzee mwembamba mwenye tochi. Kasongo alikuwa ametushauri tusiseme neno kuhusu simenti, asiyeuliza hadanganywi. Mzee akapanda darini akakaa saa nzima na alama za patasi, akashuka na utando wa buibui kichwani, ana furaha ya mtoto. Kisha akaja jikoni. Akabonyeza ukuta kwa kidole gumba, akanusa. "Huu ni mpya," akasema. Bibi akamweleza kila kitu, simenti, Muheza, mavi ya serikali, bila kupunguza. Akaleta na bamba. Mzee akaliangalia, akaangalia ukuta, akaangalia mikono yangu, akaniuliza kama ninaweza kumwonyesha tunavyokandika. Nikamwonyesha, kwenye ndoo ya udongo uliobaki, yeye kavua koti, mmoja upande huu, mmoja upande ule wa fito tatu. Alikuwa akichelewa kupiga. Nikamgombeza kama mama alivyonigombeza mimi.

Barua ilifika theluji ikiwa mlangoni. Bibi aliisoma mara mbili, akavua miwani, akanitafsiria kwa Kiswahili chake cha pasi ingawa Kiingereza nakijua: "Barabara itapinda." Alikaa miaka miwili zaidi, akafia katika chumba cha juu ya jiko, kitandani pake, kama alivyosema. Lile bamba aliagiza azikwe nalo, na Kasongo na mimi ndio tuliolilaza ubavuni pake.

Jumapili, siku moja baada ya kumzika Kasongo, nilimchukua binti yangu tukaenda. Barabara ile sasa ina njia nne, na ukifika pale inajikunja ghafla kwa kona ambayo madereva wote wanailaani. Binti yangu naye aliilaani, kwa Kiingereza, akauliza ni mjinga gani aliyeichora. Nikamwambia atamwona. Nyumba inafunguliwa kwa wageni siku za Jumapili. Msichana mmoja mwenye beji alitutembeza, akatuonyesha miti, alama, vigingi, akijua kazi yake vizuri. Jikoni hakuna kabati tena. Akatuonyesha mkono. Kumbe wameuwekea taa ndogo. Akasema huo ni mkono wa kibarua ambaye jina lake halijulikani.

"Linajulikana," nikasema. "Anaitwa Amos. Binti yake ndiye aliyekuwa na nyumba hii."

Msichana akageuka, akatoa kalamu mfukoni, akaniuliza herufi kwa herufi, akaandika. Binti yangu alikuwa ameinama, mkono wake umo ndani ya ule wa ukutani, akipima. Kisha msichana akaniuliza, kwa heshima, samahani, na wewe ni nani?

"Mimi," nikamjibu, "ndiye niliyemfukia kwa simenti."